Album ya Pili ya Shemeki Yangu Imeharibu Nyumba Yangu

Tantine Hadjara,

Salamu nyingi kutoka Butembo, commune ya Vulamba. Niko nakuandikia, weye mwenye unajibuka barua za batu ku radio ya Beni, ju nimechoka kujisemesha mimi mwenyewe, na ju batu benye ningeuliza shauri bote balisikia yenye nilifanya, tena en direct ku radio, na nusu yabo bangali banacheka. Nakuomba unisome mupaka mwisho mbele unigombeze.

Naitwa Phinées. Niko mwalimu ya kifaransa ku secondaire moja ya hapa, na kila Jumamosi saa kumi nafanyaka émission ya muziki ku radio, jina yake "Sikio ya Haki". Inaingia mwaka ya kumi na moja. Mutu anatosha wimbo, anaitoa ku batu, mimi naisikiliza, nasema kama iko na chumvi ao haina. Sipokeaka kuku, sipokeaka bia, ata mwimbaji akiwa mutoto ya pasta nasema tu yenye nimesikia, na njo maana batu bananiamini.

Sasa, kuko orchestre moja ya rock hapa Butembo, inaitwa Mabati. Ni ya Zorobabel, kaka mukubwa ya bibi yangu Bénite, donc shemeki yangu, mais mbele awe shemeki alikuwa rafiki, tulisoma banc moja. Beko batatu: yeye ku gitare na sauti, Gamaliel ku batterie, zile ngoma, Jokébed ku basse, batoto ya chorale bote batatu, mais siku moja balichomeka gitare ku haut-parleur yenye ilipasuka, na ile mulio ya kupasuka ikabapendeza kupita cantique. Album yabo ya kwanza, "Courant Imekatika", baliirekodi mu atelier ya menuisier moja, seremala wa hapa Vulamba, miaka kumi iliyopita, na groupe électrogène, jenereta, inanguruma inje, unaisikia mu nyimbo zote nane. Ku wimbo ya tatu kuko mutu anapiga kelele "Washa!", ni mimi. Tantine, ile album ilikuwa moto. Zorobabel alikuwa anaimba na hasira yenye sijasikia tena ku mutu. Siye bote tulikuwa na miaka makumi mbili na kitu, hatuna courant ya umeme, hatuna kazi, hatuna ata mutu wa kulaumu karibu, na ile album ikatulaumia dunia yote. Mupaka leo nikiisikia natembea haraka.

Kisha ile, maisha ikatutawanya. Zorobabel akapata kazi ya infirmier, muuguzi, huko kwenu Beni, Jokébed akaolewa, Gamaliel akaanza kuuza dawa ya mimea, mimi nikaoa Bénite, na Mabati ikalala miaka kumi. Mwaka huu njo Zorobabel ananipigia, anasema, "Shemeki, tumerekodi. Album nzima, hapa Beni, mu commune ya Ruwenzori, ku studio ya Jamali. Inaitwa 'Mulango Wazi'. Nakutumia leo. Siku ya concert ya kuitosha weye njo utakuwa MC." Furaha yenye nilisikia, Tantine, siwezi kukuambia. Nikajua ile moto inarudi.

Akanitumia nyimbo kumi ku téléphone, siku ya Ijumaa. Nilikuwa na copies ya batoto makumi sita ya kusahihisha, donc niliisikiliza Jumamosi ku moto, pikipiki ya kukodi, tukienda radio na dereva, écouteurs mu masikio, vumbi mu macho.

Moto ilikuwa wapi? Gitare hakuna. Nilisikia basse inatembea polepole kama mama mwenye mimba, batterie inapapasa kama mutu anatafuta ufunguo, chorale ya bamama, harmonium, na wimbo moja juu ya viazi ya Masereka, dakika kumi na moja, Tantine! Kumi na moja! Analima, anapalilia, mvua inanyesha, viazi bado. Nilifika radio na kasirani mu roho, nikakaa ku micro, na sikuandika kitu, nikasema yenye ilikuwa mu kinywa. Nikasema Zorobabel ya miaka kumi iliyopita angechukua hii album aitupe mu mto Kimemi. Nikasema ameuza gitare yake anunue harmonium. Nikasema Mabati ilikuwa nyumba ya chuma, sasa imekuwa nyumba ya pamba. Batu bakaanza kupiga téléphone, banacheka, na unajua vile kicheko inafanyaka mutu yenye iko ku micro, inamusukuma aende mbele. Nikafika ku wimbo ya tano, "Koti ya Papa". Nikaweka kipande kidogo, fasi yenye mwanamuke anaimba peke yake tu. Nikasema, "Basikiaji, huyu mama yenye analia hapa ni nani? Anaimba kama mbuzi yenye imeshaelewa kama ikienda sokoni hairudi."

Motard moja, dereva wa moto, Kasonia, akapiga kutoka Furu, akasema, "Professeur, weka tena mbuzi!" Nikaweka tena. Niliweka mara tatu.

Nikarudi ku nyumba na furaha. Nafungua mulango, nakuta salon imejaa. Bamama bane ya chorale, na Mama Tamar, mukubwa yabo, bote mu kitenge ya siku ya Mungu. Ku meza kuko chai na beignets, na juu ya beignets balirudisha kitambaa, hakuna mutu alikula. Radio katikati. Bénite amesimama karibu na dirisha, anaangalia inje. Nikasema salamu. Mama Tamar akasimama, akachukua sac yake, akamuonesha Bénite na kidole, akaniambia polepole, "Professeur, ile mbuzi ni huyu hapa."

Tantine, Zorobabel alimuomba dada yake aimbe naye ile wimbo ju inasema juu ya baba yabo, marehemu, na koti moja ya mvua yenye alikuwa anavaa ku mashamba. Balinificha. Ilikuwa surprise. Bénite alikuwa ameita barafiki basikie pamoja ku radio vile namusifu bila kujua ni yeye.

Bamama bakatoka. Nikamuambia Bénite kwa jina ya mutoto wetu, "Mama Shekinah, kama ningejua ni weye, singesema vile."

Akasema, "Donc kama ingekuwa bibi ya mutu mwingine, ingekuwa sawa."

Nikasema, "Hapana, mais sikujua."

Akageuka. "Miaka tisa niko naimba mu hii nyumba. Nikishona naimba. Nikiogesha mutoto naimba. Haujui sauti yangu?"

Hakuenda kwao, hakulia mbele yangu, hakunitukana. Ananiambia, "Chakula iko ku meza, Papa Shekinah," na heshima yote, kama niko inspecteur amekuja kutembelea. Mais machine ya kushona inatembea peke yake, Tantine. Haimbi tena. Na yenye inanichoma kupita ni hii: bakliya yake ya kushona, benye hawajui kitu, banamuletea nguo na banamuambia, "Mama, bwana yako anajua kuchekesha! Ile ya mbuzi!" Yeye anapima kiuno yabo na anasema, "Ndiyo." Ku masomo, nikigeukia tableau, classe nzima inalia mee. Directeur ya radio ameniambia basikiaji bameongezeka, nitafute mbuzi ingine ya wiki yenye inakuja. Na Zorobabel alituma message moja tu: "Shemeki, nilisikia. Ungali MC. Usikimbie."

Sasa sikia yenye iko mbaya zaidi, na hii sijaambia mutu.

Kisha wiki mbili, nilikuwa mu salle ya balimu, nikasema nitaisikiliza tena ile album ili nitafute maneno ya kujitetea. Kambere, mwalimu ya physique, akanikopesha casque yake ya masikio. Nikavaa, wimbo ya kwanza ikaanza, na Tantine, niligeuka nyuma. Nilizani kuko mutu anapiga gitare mulangoni. Gitare! Zorobabel mwenyewe, ile mukono yake, upande ya kushoto. Nikatosha casque, nikatosha écouteurs yangu mu mufuko, nikazipima. Ya kushoto ilikuwa imekufa. Ilikufa tangu zilifuliwa na suruali yangu, sijui mwezi gani, na sikujua ju kila siku nasikilizaka habari, na habari haina kushoto na kuume.

Nikavaa casque tena, nikasikia album yote: gitare zote ziko kushoto. Na ku "Koti ya Papa", Zorobabel anaimba kushoto, anauliza, "Nani atavaa koti ya papa?", na Bénite anamujibu kuume. Mimi nilisikia majibu bila maulizo. Nilisikia mwanamuke analia peke yake mahali kulikuwa batoto babili banaongea juu ya baba yabo. Nilivua casque, nikatoka inje, nikasimama nyuma ya latrines ya masomo mupaka cloche ililia.

Donc niambie nifanye nini. Nikinyamaza, nabaki mutu yenye hakuogopa ata familia yake, ju batu bengi bamesikia sasa kama ilikuwa bibi yangu, na bengine bananisifu, banasema, "Huyu njo haki!" Nikisema kweli, "Sikio ya Haki" imekufa, nitakuwa mucheko ya Butembo mupaka kaburi. Nikiisifu album yote ili bibi yangu anisamehe, nitakuwa nadanganya, ju ata na masikio mbili, ile ya viazi ni dakika kumi na moja, na mimi, Mungu anisamehe, ningali napenda album ya kwanza kuipita hii. Concert ya Beni inabakia siku kumi na tano. Nakuomba, Tantine, usinihurumie sana, mais unihurumie kidogo.

Ni mimi, Phinées, Vulamba, Butembo.

*

Phinées mwanangu,

Nitakuhurumia kidogo, ni vile uliomba. Nimemaliza. Sasa tuongee.

Mbele ya yote, nikuambie ile Jamali ya studio ni mutoto ya kaka yangu, tumbo moja na baba yake, usiseme kesho Tantine alificha upande. Barua yako ilinifikia ku kazi, niko nauza vitenge, niliisoma nimesimama, nikaicheka, kisha nikafika ku bamama na beignets zabo, nikakaa. Jioni nikamuita Jamali. Nikamuuliza, huyu Bénite alirekodi vipi? Akaniambia alifika na moto kutoka Butembo, asubuhi, amevaa pull ya baridi, amekuambia weye anaenda kununua uzi. Aliimba mara moja. Jamali akasema, imetosha, mama, iko sawa. Yeye akasema, "Hapana. Bwana yangu iko na masikio mukali. Turudishe." Alirudisha mara saba, Phinées. Mara saba ju ya masikio yako. Na weye hukumupatia ata masikio mbili.

Kwanza acha kujificha nyuma ya écouteurs. Ungesikiliza ku moto mu Butembo, na mashimo ile, na bamotard bale banapiga klaxon kama ndoa, ata na masikio ine usingesikia kitu. Mutu amefanya kazi miaka kumi mu roho yake, unamupatia safari moja mu vumbi. Copies ya banafunzi wako unaisahihisha umekaa, na bic nyekundu. Yake ulisahihisha unakimbia. Ile njo zambi yako, écouteur ni bahati mbaya tu.

Sasa ile habari ya album ya kwanza. Mimi pia niliisikia, dereva wa lori ya bwana yangu alikuwa nayo, siku ya kwanza nilizani mabati ya depo imeng'oka. Sikukatazi kuipenda. Mais nisikie muzuri. Weye leo uko na kazi, uko na bibi, uko na courant ku nyumba, nasadiki uko na kitambi pia ju balimu bote benye bananiandikia beko nayo. Weye umebadilika kila fasi. Mais Zorobabel yeye abakie mu atelier ya menuisier, gizani, anapiga kelele kwa niaba yako, ili weye ukimusikia utembee haraka! Kama unataka kulia, lia na sauti yako. Shemeki yako haiko groupe électrogène.

Na unauliza mu radio, hasira imeenda wapi, kwa nini anaimba polepole. Phinées, huyu mutu ni infirmier hapa Beni. Hapa Beni. Mimi sitakuambia yenye infirmier wa hapa ameona mu miaka yote hii ya vita, unaijua, haiko mbali, munaisikia ku habari na ile écouteur yako moja. Ninyi munataka kelele. Siye, kelele tulishiba. Jamali alipoweka ile "Koti ya Papa" mu boutique yangu, kliya mwenye alikuwa anabishana bei aliacha kubishana, akakaa juu ya balle ya vitenge, akasikia mupaka mwisho, akasema, "Weka tena." Hakusema weka tena mbuzi. Alisema weka tena. Album inaweza kuwa mudogo ku sikio ya Butembo na mukubwa ku sikio ya Beni, na mwenye kuhukumu, kama ni wa haki, anaulizaka kwanza iliimbiwa nani.

Mais sikutumi kudanganya. Usije na sifa za uongo, ju bibi yako amesikia unahukumu batu miaka tisa, atajua. Kama viazi ni murefu, ni murefu. Mimi mwenyewe niliianza nikipika maharagi, ikaisha maharagi imeiva. Mutu anaweza kupenda album ya kwanza kuipita ya pili na akabaki mutu ya haki. Yenye hawezi ni kuhukumu nusu na kuiita nzima.

Donc utafanya hivi. Leo, kisha kusoma hii, utaenda kwa Bénite, mikono mitupu. Usipeleke kitenge, ata kama nauza. Utamuambia habari ya sikio, yote, na suruali yenye ilifuliwa. Usiseme tena "sikujua ni weye". Ile neno ikufie mu kinywa. Haikupunguzia kosa, inaongeza ya pili juu yake. Utamuambia wimbo ni muzuri namna gani, fasi kwa fasi, kama vile unafanyaka mutu yenye unaheshimu kazi yake. Kisha unyamaze. Usingoje akusamehe ile saa, kama ananyamaza, enda kuchota maji.

Jumamosi, utafungua émission na kosa yako, mbele ya nyimbo, mbele ya matangazo. Utaweka "Koti ya Papa" na upande moja, vile ulisikia, kisha na pande zote mbili, na utaacha batu basikie tofauti. Directeur akikasirika, mukumbushe émission inaitwa nani. Utahukumu album upya, wimbo moja moja, hata viazi. Batu batakucheka wiki mbili, pengine tatu. Bibi yako amechekewa wiki ngapi, na hakukuwa na kosa?

Na Beni utakuja. Zorobabel alikuambia usikimbie, ile haiko vita, ile ni mukono amenyoosha. Vaa muzuri. Nitakuwa pale, mustari ya kwanza, nitajua kama ulinisikia.

Ni mimi, Tantine Hadjara.

*

Basikiaji, ni Tantine Hadjara: barua ile niliisoma hapa ku radio kwa kuwa Phinées aliniruhusu, na batu bengi baliniuliza ilikuwa namna gani kisha. Ameandika tena. Nakata mwanzo, ni salamu na sifa, nabakisha yenye inafaa.

"Nilimukuta Bénite anapiga pasi. Nilimuambia yote. Akauliza, 'Sikio gani?' Nikamuonesha ya kushoto. Akaweka pasi chini. Akaniangalia hii sikio kama anaitafutia nzi, kisha akaanza kucheka, Tantine, alicheka mupaka alikaa chini, machozi inatoka, na sikujua kama ni kucheka tu. Nikamuelezea wimbo yake, fasi yenye sauti inapanda, fasi yenye anamungoja kaka yake amalize. Akasikia yote. Akasema, 'Muzuri. Sasa ku radio.' Na pasi ilikuwa imechoma kitenge ya mutu.

Ku radio nilifanya vile ulisema. Niliposema neno 'kushoto', téléphone ililia mbele nimalize. Alikuwa Kasonia. Akasema, 'Professeur, donc miaka kumi na moja unatuhukumia batu na masikio ngapi?' Wiki ile banamuziki tisa balileta album zabo za zamani, banataka nizirudilie, moja yabo amekuja na avocat, mwanasheria wake. Nimekubali zote. Mais kisha kuweka wimbo na pande mbili hakuna mutu alicheka tena, na Mama Tamar alituma message: 'Tumesikia.' Neno moja tu, mais Jumapili alinipatia mukono ku kanisa.

Beni uliona mwenyewe. Nilisema mbele ya salle nzima kama nilikosa, kisha nikasema viazi ni murefu, salle ikacheka, na Zorobabel akanijibu ku micro, 'Shemeki, viazi inachukuaka miezi ine, mimi nimekupatia dakika kumi na moja,' na akaipiga yote, ananiangalia, haongezi mwendo ata kidogo. Na bamama ya nyuma balisimama bakaicheza mupaka mwisho. Mimi bado naiona murefu. Mais Bénite alipoimba, nilisimama pembeni ya jukwaa, upande wake, nikasahau kama niko MC, mupaka balinisukuma ili banikumbushe.

Yenye hukuona ni kisha. Tulikuwa tunakunja nyaya, siye babili na Zorobabel. Nikamuambia, 'Zoro, nisamehe, hii album ni ya mutu mukubwa. Mais niambie kweli, ile hasira ya zamani, ile ya "Courant Imekatika", iliendaka wapi?' Akaweka waya chini. Akasema, 'Unaitaka kweli?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Shemeki, ilikuwa jino.'

Nikasema, 'Jino gani?'

'Huku nyuma. Ilikuwa imeoza. Wiki nzima yenye tulirekodi sikulala. Hakukuwa na makuta, pesa ya kulipa dentiste. Kila wimbo nilikuwa naimba ili iishe haraka. Siku tulimaliza, mama yangu aliuza kuku yake ju nipate makuta, nikaenda kuing'oa, na sijawahi kuimba vile tena. Nilijaribu. Haitoki.'

Tantine, miaka kumi nimeambia batu ile ilikuwa sauti ya vijana ya Butembo. Niliandika ata dissertation. Sasa sijui tena nilipenda nini. Zorobabel amesema ningeweza kukuandikia, haoni haya. Nifanye nini na hii jino?"

Jibu yangu, Phinées: usifanye nayo kitu. Ile vijana yote yenye ilikuwa inatembea haraka na ile album, kila moja alikuwa na jino yake, ata weye. Alipiga kelele, mukasikia yenu. Jino aling'oa, wimbo ilibaki. Endelea kuipenda, tena iweke Jumamosi hii, kisha uweke ya sasa. Mais usiende kumutafutia shemeki yako maumivu ingine ili aimbe tena vile.